Mashine ya Oksijeni Si Mwito wa Matanga

Mimi si daktari, kazi yangu ni habari za kaunti. Lakini leo nazungumza pia kama mjukuu wa mzee aliyeugua mapafu kwa miaka, kwa moshi wa kuni na tumbaku.

Mashine ya oksijeni ilipoletwa nyumbani, majirani walianza kuja wakinong'ona, kana kwamba matanga yamekaribia. Tangu Korona, wengi wetu huamini mtu akiwekewa oksijeni ndiyo mwisho. Babu aliona haya, akajifungia chumbani. Msikitini hakwenda, barazani hakuketi. Na kila tokeni za stima zilipokaribia kwisha, hakulala.

Hofu hiyo huingia kifuani. Anayeogopa hupumua upesi upesi, hewa ya zamani haitoki yote, pumzi inazidi kubana, naye anazidi kuogopa. Kwa hivyo usimpigie kelele "pumua!" Keti karibu naye. Ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, avute hewa puani, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Pumueni pamoja. Msiongeze kipimo cha mashine bila idhini ya daktari, maana kwa baadhi ya wagonjwa hawa oksijeni kupita kiasi ni hatari. Midomo au kucha zikigeuka buluu, au akianza kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, ni hospitali mara moja.

Mzee akikataa chakula na wageni, au akisema amechoka kuishi, msimjibu "vumilia tu." Mwambieni daktari kliniki, iwe Kilifi au Malindi, kwani huzuni hiyo ina matibabu. Mwambieni pia mhudumu wa afya ya jamii, hao waliokabidhiwa mikoba ya kazi mwaka 2023. Na anayemuuguza, mara nyingi ni binti au mkaza mwana, apewe zamu ya kupumzika. Hili twalisahau sana.

Tokeni nunueni mapema, na muulize hospitali kuhusu mtungi wa akiba. Koroboi na sigara zisikaribie kabisa. Halafu mtoeni mzee barazani, mpira wake upite mlangoni, mnywe naye kahawa. Jiko tu ndilo likae mbali.