Nani Anajibu? Hofu, Usalama na Watawala Wasioulizwa

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia, Bariadi



Nimeombwa nizungumze juu ya hali ya usalama duniani na jinsi watawala wa kiimla wanavyojidumisha madarakani. Mtu angeweza kuanza na Ukraine, iliyovamiwa na majeshi ya Urusi tarehe 24 Februari 2022, akaeleza jinsi bei ya mafuta na ya mbolea ilivyopanda hata kwetu, mpaka Serikali ikalazimika kuweka ruzuku mwaka huo huo. Au angeanza na mji wa Goma, uliotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Mimi naomba tuanzie karibu zaidi. Nimeona kwamba tunawazungumza madikteta kama watu wa mbali wanavyomzungumza simba wa Serengeti: wanajua yupo, wanajua ni mkali, lakini wanaamini hatoki mbugani. Sisi tunaoishi jirani na mbuga tunajua kwamba hutoka.

Mwaka 1976 Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Ulianzishwa mwaka 2012, na wakati ule Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza kulikuwa na mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, wengi wao akina mama wazee ambao kosa lao mara nyingi lilikuwa macho mekundu, nayo macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuyakomesha mauaji hayo. Basi polisi na maofisa wa usalama wakafanya msako mkubwa, wakakamata mamia ya watu. Walioshikwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa wale waliowashikilia.

Tusipite haraka hapo. Kazi waliyotumwa maofisa wale ilikuwa ya haki kabisa: vikongwe walistahili kulindwa. Sidhani kwamba walianza wakiwa na nia ya kuua. Lakini walipewa watu waliofungwa, wakapewa mahali pasipo na mtu wa kuona, wakatakiwa walete majibu upesi. Mambo hayo matatu yanapokutana, sheria hubaki mlangoni.

Habari zilipofika juu, mnamo Januari 1977, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Pamoja naye walijiuzulu Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Mwinyi hakuwa amempiga mtu, wala hakuwapo. Alijiuzulu kwa kuwa waliopiga walikuwa chini ya wizara yake. Wala kujiuzulu hakukumpunguzia heshima, kwani mwaka 1985 watu hawa hawa walimchagua kuwa Rais wa nchi.

Sasa tuvuke ziwa. Mwezi uliofuata tu, Februari 1977, maaskofu wa Kanisa la Anglikana la Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na utekaji wa watu. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Siku iliyofuata Serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Hakuna aliyeamini, na wala tangazo halikutolewa ili liaminiwe. Lilitolewa ili kila Mganda aelewe kwamba anaweza kuuawa, na kisha uongo kama huo ukasomwa redioni juu yake, na asiwepo wa kuuliza.

Maji ya ziwa ni yale yale, na tofauti ya siku haifiki hata miezi miwili. Pande zote mbili watu walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Kilichozitofautisha nchi hizi mbili ni kwamba upande mmoja kuna mtu aliyejibu. Sisemi haya ili tujisifu. Tanzania ya wakati ule ilikuwa nchi ya chama kimoja, na tangu mwaka 1962 ilikuwa na sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Haki za binadamu zilikuja kuingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Nasema tu kwamba hata katika nyumba yenye ufa mkubwa kama huo, swali la nani anajibu liliweza kuokoa kitu.

Je, mtu mmoja anawezaje kuwashika mamilioni? Jibu moja limo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu hakumgusa Nabothi. Barua ziliandikwa, zikatiwa mhuri wa mfalme, zikapelekwa kwa wazee wa mji ule ule wa Nabothi. Wazee wakaitisha mkutano, mashahidi wawili wa uongo wakapatikana, na majirani ndio waliookota mawe. Tunapoisoma habari hii humlaumu Ahabu na mkewe, na ni sawa, lakini mimi huwaza zaidi wale wazee, ambao kitabu hakitaji hata majina yao.

Malawi, jirani zetu wa kusini, waliishi hivyo karibu miaka thelathini chini ya Dk. Hastings Kamuzu Banda, aliyefanywa rais wa maisha mwaka 1971. Huko, mtu asiye na kadi ya chama aliweza kuzuiwa kupanda basi au kuingia sokoni. Aliyemzuia hakuwa Banda, bali kijana wa mtaani ambaye mama yake naye alikuwa akiuza nyanya soko lile lile. Utawala wa kiimla huendeshwa na mikono midogo ya namna hiyo: anayekagua kadi, anayepeleka jina, anayeandika kwenye daftari kwamba fulani hakupiga makofi. Na kila mmoja wao hujifariji kwamba ametumwa tu.

Nguzo ya pili ni adui. Amin alitwaa madaraka kwa nguvu ya jeshi tarehe 25 Januari 1971, na mwanzoni watu wengi wa Kampala walishangilia. Mwaka uliofuata aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini, na maduka yao yakagawiwa, mengi yakaenda kwa wanajeshi na wapendwa wake. Maduka yalipokwisha bidhaa, ilibidi apatikane adui mwingine. Idara iliyowatisha raia kuliko zote iliitwa, ajabu, idara ya utafiti wa taifa. Mwaka 1978 jeshi lenyewe lilianza kugawanyika na kuasiana, na mwishoni mwa Oktoba majeshi yake yakavuka mpaka wetu huko Kagera, yakapora mifugo, yakaua watu, na daraja la Kyaka likabomolewa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya fumbo la usalama wa dunia: mtawala aliyezoea kutoulizwa nyumbani, nyumba inapomchemkia, huwapelekea majirani moto.

Tuliupigana vita ule, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mgambo walitoka mikoa mingi, na wapo wasiorudi. Waliobaki wanaikumbuka miaka iliyofuata, miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari. Silaha nazo zilisambaa, na wizi wa ng'ombe ukazidi katika nchi hii ya wafugaji. Ndipo Sungusungu walipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakianzia upande wa Kahama na kuenea Usukuma na Unyamwezi.

Juu ya Sungusungu naomba niseme kwa uangalifu, maana katika ukumbi huu wamo waliowahi kuitikia filimbi usiku. Wananchi waliona polisi wako mbali, wakajilinda wenyewe, na ng'ombe wakalala zizini. Sheria iliwatambua mwaka 1989. Lakini mkono ule ule uliomkamata mwizi ndio uliomchapa mshukiwa mpaka akakiri, na ndio uliowafukuza baadhi ya vikongwe kijijini bila kuwapa nafasi ya kujitetea. Tulikuwa tumerudi kule kule kwa mwaka 1976, safari hii bila sare.

Wazee wetu walilijua tatizo hili. Ntemi wa Kisukuma alikuwa na nguvu, lakini alizungukwa na banang'oma, na aliyeshindwa kazi aliweza kuondolewa. Ukoloni ulipoingia, ntemi alianza kumjibu mkuu wa wilaya wa Kizungu aliyemlipa mshahara, badala ya watu waliomsimika. Kiti kilikuwa kile kile, na ngoma zile zile. Ila alikuwa amegeuka, akawapa watu mgongo. Utemi ulipofutwa baada ya Uhuru, mwaka 1963, wengi hawakuulilia, na nadhani sababu yake mojawapo ni hiyo.

Mtauliza: utawala kama wa Banda uliondokaje bila vita? Tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, waraka wa maaskofu saba Wakatoliki ulisomwa makanisani Malawi nzima. Ulieleza mambo ambayo kila mtu aliyajua: umaskini wa wengi karibu na utajiri wa wachache, shule mbovu, hospitali zisizo na dawa, watu kufungwa kwa kusema. Maaskofu walihojiwa na polisi, na waraka ukahesabiwa kuwa wa uchochezi. Lakini ulikwisha kusomwa, siku moja, kila mahali, na waumini waliporudi nyumbani walijua kwamba jirani naye amesikia. Hofu ilikuwa imewafanya kila mmoja adhani yuko peke yake. Tarehe 14 Juni 1993 zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walikataa mfumo wa chama kimoja, na Mei 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi.

Hatuwezi kumaliza bila kujitazama. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, kulitokea maandamano na ghasia katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, na watu wakapoteza maisha. Serikali iliunda tume ya kuchunguza mwezi uliofuata. Idadi ya waliokufa imebishaniwa, na huenda humu ndani tusikubaliane juu ya chanzo. Sikuja kuhukumu. Lakini swali la Januari 1977 lina haki ya kuulizwa tena, tena kwa sauti ya kawaida, na anayeliuliza asiitwe adui wa nchi: walikufa mikononi mwa nani, na nani anajibu?

Basi tufanye nini, sisi tusio na waraka wa kusomwa nchi nzima? Mtu anapokamatwa kijijini kwenu, awe mwizi wa ng'ombe, awe mwanasiasa, awe bibi anayesemwa vibaya, kamati ijue mambo matatu siku ile ile: yuko wapi, kwa kosa gani, na lini atafikishwa mahakamani. Iandike. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuteswa, wala haikusema "isipokuwa mchawi". Ukiombwa jina la jirani yako, uliza kwanza litapelekwa wapi. Na mkutano wa kijiji, ambao kwa taratibu zetu hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu, usiachwe ufe, kwa sababu kijiji kilichozoea kutosomewa mapato na matumizi hakitakuwa na ulimi wa kuuliza habari za mahabusu.

Kabla ya chakula naomba mkae katika vikundi, kila parokia peke yake. Kila kikundi kitaje vijiji vitatu, na kwa kila kijiji kiandike tarehe ya mkutano wa mwisho, aliyeuitisha, na swali lililoulizwa likakosa jibu. Karatasi ziko kwa katibu.