Nguvu ya Injini na Mpaka wa Chuma



Vijana wengi hupenda kuziongezea nguvu injini za pikipiki. Tuitazame Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo injini za bodaboda nyingi zimeiga muundo wake. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5. Fundi akitanua silinda na kutia pistoni ya milimita 62, uso wa pistoni huongezeka kwa asilimia 20. Kwa mgandamizo ule ule wa gesi, konrodi ya kiwandani husukumwa zaidi kwa kiasi hicho hicho.

Hatari kubwa zaidi ni kasi. Pistoni husimama na kurudi mara mbili katika kila mzunguko, na nguvu inayoivuta konrodi hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka mizunguko 8,000 hadi 10,000 kwa dakika, kasi imezidi kwa robo tu. Mvuto umezidi kwa asilimia 56. Konrodi ikikatika, injini yaweza kukwama, na gurudumu la nyuma likakwama nayo, abiria akiwa amepakiwa.

Ndugu wanafunzi, hesabu hiyo mnaifundishwa hapa hapa. Ipigeni kabla fundi hajashika spana.