HOTUBA YA MWENYEKITI WA KIKUNDI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI



Tulianza 2015 na sanduku moja la kufuli tatu.

Jamani, sisi ni watu wa bonde la Rufiji. Bibi zetu waliyangoja maji, yakishuka wakapanda mlau kwenye tope, wakalala juu ya madungu kulinda shamba. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali ilihamishia watu sehemu za juu. Lakini chakula kilibaki bondeni, nasi tukakifuata. Siku hizi mvua hazina ratiba. Wataalamu wanasema bahari ikizidi joto, mvua nazo huja kwa mkupuo.

Aprili 2024 maji yaliingia mpaka nyumbani kwa mweka hazina. Sanduku tuliliokoa, madaftari yakalowa, wino ukafutika. Hatukujua nani ana hisa ngapi wala nani anadaiwa. Wapo waliosema kikundi kimekufa, tugawane kilichobaki. Basi tukakaa chini ya mwembe, kila mmoja akataja deni lake kwa mdomo wake. Wawili watatu walisitasita, hatufichi, lakini nao wakasema. Tulipojumlisha, pungufu ilikuwa ndogo, tukaiziba kwa mfuko wa jamii.

Hata hivyo kosa lilikuwa letu. Miaka tisa tulipanga mikopo na mgao, mafuriko hatukuyapanga. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji tulikaa nyuma, tukaondoka mapema kuwahi kupika. Mpango ukaandikwa bila sisi.

Kwa hiyo tumeamua haya. Kwanza, sanduku likae kwa mwenzetu wa huku juu, na daftari la pili kwa katibu. Pili, mikopo ya taa za sola iendelee. Usiku ule shuleni tulikokimbilia, taa zilizowaka ni zile tulizokopeshana, na simu za kuwatafuta watoto zilichajiwa hapo hapo. Tatu, tutenge fedha za mbegu, maana maji yakishuka udongo haumngoji mtu. Nne, mkutano mkuu twende sote na tukae mbele.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, tunakuomba mbele ya mgeni wetu: mpango wa kijiji utaje njia ya kukimbilia, mtumbwi uko kwa nani, na nani atambeba mgonjwa na mama mjamzito. Halmashauri nayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya wanawake. Fomu tutajaza.

Maji yatarudi. Yatukute tumeshapanga.

Umoja wetu, hoyee!