MWENYE KUTAKA KUACHA POMBE ASIACHWE PEKE YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Tawi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya pombe. Sikuja kuwahubiri. Mtu anywaye kidogo akaenda zake nyumbani, sina neno naye leo. Nasema na yule aliyekwisha kuapa mara nyingi kwamba ataacha, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake unaishia kwa muuzaji pombe kabla haujafika kwa watoto. Nasema pia na ninyi mnaomficha asionekane na mkubwa wa kazi.

Kwanza tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yampa mwajiri ruhusa ya kumfukuza mara moja mfanyakazi aliyelewa saa za kazi hata akashindwa na kazi yake. Kifungu cha 41 chataka kwanza aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na asikilizwe, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama wa hapo kazini. Basi mjumbe wako atakaa nawe siku ile. Lakini mjumbe hawezi kuiondoa harufu ya pombe kinywani mwako. Yafaa utafute msaada kabla barua haijaandikwa.

Msaada huo ni kikundi cha watu wanaoacha pombe kwa kusaidiana. Kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, maana yake walevi wasiotajwa majina. Kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, na kiu ikamrudia. Alipiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaonyeshwa daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Wale wawili wakashikana. Wilson hakutafuta mtu wa kumhurumia, alitafuta mwenye shida kama yake. Sisi wa chama twaijua habari hiyo: kidole kimoja hakivunji chawa.

Wengi huogopa kwenda kwa kuwa hawajui watakuta nini. Utakuta watu wamekaa vitini, wanaume kwa wanawake, pengine na chai. Kila mtu hutaja jina lake la kwanza tu. Mmoja mmoja hueleza pombe ilimfanya nini, na leo anaishije bila hiyo. Hakuna anayemkata mwenzake maneno. Ukiwa hutaki kusema, sema jina lako na kwamba leo utasikiliza tu, yatosha. Hakuna kiingilio wala ada. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni halazimishwi kutia kitu. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Yaliyosemwa mle hayatoki nje. Mikutano mingi hufanyika katika majumba ya makanisa, lakini kikundi si cha kanisa lolote, na Mwislamu huingia kama Mkristo.

Usikate shauri kwa mkutano mmoja. Wa kwanza usipokupendeza, jaribu mwingine. Omba nambari ya simu ya mtu aliyeacha zamani, umpigie siku ya mshahara, kabla hujapita mlango wa baa.

Utakipataje? NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ina simu isiyolipiwa, nambari 1192. Waulize pia katika hospitali iliyo karibu. AA ina mikutano Nairobi na katika miji mingine. Mahali pasipo na kikundi, walevi wawili au watatu wenye nia moja waweza kuanzisha chao. Ndivyo AA yenyewe ilivyoanza.

Neno moja kubwa. Anayekunywa sana kila siku asiache kwa ghafula bila kumwona daktari. Mwili uliozoea pombe ukikatwa mara moja waweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, hata kushikwa na kifafa, na wako waliokufa hivyo. Daktari kwanza, kikundi kisha. Na mke au mume aliyechoka nyumbani ana kikundi chake, Al-Anon, cha jamaa za walevi.

Sasa ninyi wenzake. Kumficha mwenzio kwa mkubwa wa kazi si kumsaidia; mficha maradhi kifo kitamuumbua. Zungumza naye faraghani akiwa mzima, si akiwa amelewa. Mkutano wake ukigongana na zamu, badilishana naye zamu kwa ruhusa ya msimamizi. Akikataa glasi usimcheke kwamba amekuwa mtakatifu. Na akikuambia aendako, siri hiyo ifie kwako. Nanyi wajumbe, mtu akiwajia kwa jambo hili, lisifike barazani.

Tunagoma pamoja na kudai mshahara pamoja. Mwenzetu asiende mkutano ule wa kwanza peke yake kama anataka mtu wa kumfikisha mlangoni.

Umoja ni nguvu.