Kompyuta nzima kuitwa marehemu

Mtaani kwetu yupo mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Juzi nilikwenda kwake anichapie mazungumzo yangu, nikamkuta amekunja uso. Fundi kamwambia kompyuta yake imekwisha muda. Nikaitazama: inawaka, inachapa, haina kasoro. Akaniuliza, "Mzee wangu, imekwisha muda kama mkate?"

Swali hilo ndilo nililokuja nalo studio leo.

Kilichokwisha si kompyuta, ni ahadi. Ndani ya kila kompyuta mna programu kuu inayoziendesha nyingine zote. Ya yule mama ni Windows 10 ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, iliyotoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni iliacha kuitolea viraka vya kawaida, yaani yale marekebisho ya kuziba matundu wanamopenya wezi na virusi. Watumiaji wa majumbani walitangaziwa nyongeza ya mwaka mmoja kwa masharti ya kujiandikisha. Windows 11 nayo inadai vifaa vya usalama ambavyo mashine nyingi za zamani hazina.

Wapo watakaosema upesi kwamba hiyo ni tamaa tu. Mimi siendi huko. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikaachwa tarehe 8 Aprili 2014, miaka 12 na ushei. Fundi cherehani gani atakushonea bure, kila mwezi, shati alilokuuzia miaka 12 iliyopita?

Ugomvi wangu ni namna saa inavyohesabiwa. Kampuni huhesabu tangu siku ya uzinduzi, mnunuzi huhesabu tangu siku alipotoa fedha zake. XP iliendelea kuwekwa katika kompyuta ndogo mpya hadi Oktoba 2010. Aliyenunua siku hizo hakupata miaka 12, alipata mitatu na nusu! Windows 10 nayo Microsoft yenyewe iliiuza hadi Januari 2023, na aliyechelewa kuinunua hakufikisha hata miaka mitatu. Sasa sisi tunaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya tunapata nini? Mkia.

Tena viraka vyenyewe haviishi siku ile inayotangazwa. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza ililipa zaidi ya pauni milioni 5 ili iendelee kupata viraka vya XP kwa mwaka mmoja. Kumbe viliandikwa, ila vikawa vya wenye nacho. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilipozikumba hospitali za England, hata maelfu ya wagonjwa wakaahirishiwa miadi, ndipo Microsoft ikatoa kiraka cha XP bure kwa kila mtu. (Haki isemwe: kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi, wenyewe wakakikalia. Hapo kampuni haina lawama.)

Rai yangu, basi, ni kwamba hesabu ianze siku ya mwisho ya kuuza, si ya kwanza. Na kiraka cha tundu la hatari, kikishaandikwa kwa ajili ya wanaolipa, wapewe wote. Siombi sadaka. Kirusi kikishaingia katika kompyuta ya kibandani huitumia kuzisaka nyingine, na hakichagui ya maskini wala ya benki.

Yule mama nilimweleza juu ya ile nyongeza. Nikamwambia pia kwamba fundi mwenye subira anaweza kumwekea Linux, ambayo hailipiwi. Akataka kujua kama itaelewana na printa yake kuukuu. Nikamjibu kwamba tutajaribu Jumamosi, kabla wateja hawajajaa.