Ugomvi wa Mombasa na Malindi



Shuleni tumesomeshwa Roma na Carthage: vita 3, mpaka Carthage ikateketezwa mwaka 146 kabla ya Nabii Isa. Sawa. Lakini jee, twaujua ugomvi wa hapa kwetu, wa Mombasa na Malindi? Miji miwili ya Kiislamu, biashara moja, na uhasidi mwingi.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Mombasa hakuaminiwa. Akenda Malindi, akapokewa kwa heshima, akapewa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Malindi wakapata rafiki mwenye mizinga. Wareno waliichoma Mombasa 1505. 1528 wakaivamia tena, na safari hii Malindi wakawasaidia. Haya, wakashinda! Ngome ilipoanza kujengwa 1593, hii hii tunayoiona tukivuka kisiwani, mfalme wa Malindi akawekwa Mombasa atawale.

Sasa sikizeni. Mfalme wa ukoo huo huo, Sultan Hassan bin Ahmad, aligombana na kapteni Mreno, akakimbilia huku bara, na 1614 akauawa kwa njama zao. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, akapelekwa huko huko akabatizwa. Alipokuwa mkubwa wakamrudisha atawale. Agosti 1631 alimuua kapteni, akaiteka ngome. Mwaka uliofuata akaiacha, Wareno wakarudi.

Na Malindi yenyewe, kiti kishahama, ikawa inadidimia.