Mafuta Katika Damu na Ugonjwa wa Moyo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi letu)



Mimi si daktari. Mimi ni mfungaji wa mabehewa, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Haya nitakayosema niliyapata kwa kumsindikiza mwenzangu hospitali, nikamwuliza daktari na muuguzi kila jambo nisilolielewa, nikaandika katika daftari.

Mwenzangu huyo ni dereva wa gari la moshi. Jina lake silitaji, naye ameniruhusu niseme habari zake. Alipimwa damu, ikaonekana ana kolesteroli nyingi, akapewa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja tu, halafu akaviacha. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, hakusikia maumivu yo yote. Pili, aliogopa kwamba mkubwa wa kazi akijua, atamwondoa kwenye injini na kumpa kazi ya mshahara mdogo. Vidonge vilivyobaki aliniletea mimi nivifiche katika kabati langu. Nami nikavificha, nikidhani ninamsaidia ndugu yangu.

Baada ya miezi minane alishikwa na moyo. Mungu alitusaidia, alikuwa nyumbani siku hiyo, si njiani na mabehewa nyuma yake. Alipona. Lakini mimi nilificha dawa ya mgonjwa, na deni hilo ndilo linalonisimamisha hapa leo.

Sasa, kolesteroli ni nini? Ni namna ya mafuta, na mwili unaihitaji. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini letu wenyewe, nyingine hutoka katika chakula. Ile inayoitwa LDL ikizidi, huingia ndani ya ukuta wa mishipa ya damu na kujikusanya huko miaka mingi. Wazee wetu wa injini za mvuke wanakumbuka jinsi chokaa ya maji ilivyoshika mabomba ya boila. Ni mfano wa karibu, ila mshipa una hatari zaidi: ule uvimbe wa mafuta waweza kupasuka ghafula, damu ikaganda pale, na sehemu ya moyo ikakosa damu. Hapo ndipo mtu huanguka.

Ugonjwa huu haupigi hodi. Mtu mwembamba aweza kuwa nao, na wengine huurithi kwa wazazi. Kipimo cha damu peke yake ndicho kitakachokuambia.

Wengine husema, "Mimi nafanya kazi ngumu, sina haja ya kuogopa." Sikilizeni habari za wafanya kazi wenzetu wa London. Mwaka wa 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za mabasi ya ghorofa. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi mchana kutwa, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini. Baadaye Morris alichunguza vipimo vya sare zao, akaona suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Basi kukaa kulikuwa na neno, na unene ulikuwa na neno. Ninyi madereva na makarani, tembeeni kila siku mpaka pumzi iende mbio kidogo.

Juu ya chakula. Mafuta yanayoganda katika kopo, samli, mafuta ya ng'ombe na ngozi ya kuku huongeza LDL. Tumieni mafuta ya maji, na kidogo. Mandazi na chipsi za kila asubuhi kantini ziwe za siku moja moja. Nyama choma si dhambi, lakini isiwe kila mwisho wa mwezi kilo nzima kwa mtu mmoja. Bahati yetu ni kwamba chakula kizuri ni kile tulicholelewa nacho: maharage, ndengu, githeri, sukuma wiki, omena, matunda. Maharage yana nyuzi zinazosaidia kuondoa kolesteroli. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika chakula. Na sigara, ndugu zangu, iacheni kabisa.

Lakini chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, kwa sababu ini huendelea kutengeneza. Ndiyo maana kuna dawa za jamii ya statini. Mjapani Akira Endo alipata ya kwanza katika ukungu mwaka wa 1973. Mwaka wa 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio la nchi za Skandinavia, lenye wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa simvastatini, nusu vidonge vitupu. Kwa muda wa miaka mitano na zaidi, waliokufa katika wale wa vidonge vitupu walikuwa 256, na wale wa dawa 182.

Dawa hii humezwa kila siku, hata usiposikia ugonjwa. Ukiiacha, kolesteroli hupanda tena. Wengine hupata maumivu ya misuli. Basi mwambie daktari, aweza kubadili dawa au kupunguza kipimo. Mkojo ukiwa mweusi, nenda upesi. Mama mwenye mimba, au anayetaka kupata mimba, amwambie daktari kwanza. Na ukitumia miti shamba, usimfiche.

Maumivu au uzito kifuani, yakienda mkononi au tayani, jasho baridi, pumzi kukatika: usingoje zamu iishe. Nenda hospitali saa ile ile, na usijiendeshe gari. Kina mama mara nyingine hawasikii kifua, bali uchovu mkubwa na kichefuchefu.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na jambo la chama. Hatusemi mtu aliyeshikwa na moyo aendeshe gari la watu kabla daktari hajamruhusu. Abiria nao wana watoto. Lakini mtu akijua kwamba kusema kweli ni kupoteza mkate, atanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kutakakoleta msiba njiani. Kwa hiyo naomba tawi lipeleke maneno matatu kwa wakubwa. Moja, anayetangaza ugonjwa wake asipunguziwe mshahara wakati wa matibabu. Mbili, siku ya kliniki isihesabiwe utoro. Tatu, wafanya kazi wote wapimwe damu na presha kila mwaka, na majibu yawe siri ya mtu na daktari wake.

Mwenzangu sasa anameza dawa yake kila usiku, na amerudi kazini. Kabati langu halina vidonge vya mtu. Nanyi mkiletewa vya kuficha, mrudishieni mwenyewe, kisha mfuatane naye mpaka kwa daktari.

Mficha maradhi kifo humfichua.